Meza ya monita mbili tatu: nyoofu au ya kona, plaiwudi au MDF, miguu ya kudumu au ya kupanda na kushuka?

Anayetaka kuchongesha meza ya monita mbili tatu mara nyingi anaanza na urefu, niweke mita moja na nusu au mbili, wakati urefu ndo kitu chepesi kuliko vyote, unajumlisha skrini zako unaongeza nafasi kidogo basi. Kinachoharibu meza nyingi ni kina, yaani kutoka ukutani mpaka pale tumbo lako linapogusa ukingo, na hapo ukishachongesha imeshapita, ubao hauongezeki. Kwa hiyo hapa nalinganisha maumbo ya meza, ubao, miguu na namna ya kushikilia monita, ila ujue kabisa jicho langu liko kwenye kina muda wote, na pale ambapo meza inapendeza lakini inakunyima sentimita zako nitasema wazi.

Kwanza skrini, meza baadaye

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi ni za mshazari, kona hadi kona, hazikuambii itakula meza kiasi gani. Monita ya kawaida ya 16:9 (upana 16 kwa kimo 9) ya inchi 24 ina upana wa kama sentimita 54 ukihesabu na fremu yake, ya 27 ni 61 hivi, ya 32 inafika 71 au 72. Zile ndefu za 21:9 za inchi 34 zinakaribia 81, na ile ndefu kabisa ya 32:9 ya inchi 49 ni kama 120, ambayo ukiiangalia vizuri ni 27 mbili zisizo na mpaka katikati. Ukisimamisha ya 27 wima inakula 36 tu ila inaenda juu 61, kwa hiyo kama kuna rafu ukutani hapo iangalie kabla.

Tatu za 27 zikipangwa mstari mmoja zinataka 183, lakini hakuna anayekaa hivo, za pembeni unazigeuza zikutazame. Ukizigeuza digrii 30 kila upande jumla inashuka mpaka 167, ukizidisha mpaka 47, ambayo ndo pembe inayofanya skrini zote tatu ziwe umbali sawa wa sentimita 70 kutoka machoni, unabaki na 144 tu. Umeona, urefu umepungua wenyewe. Shida ni kwamba ncha za nje zinakusogelea, kwenye digrii 30 zinakuja mbele sentimita 30, kwenye 47 zinakuja karibu 45, na hizo zote zinakatwa kwenye kina cha meza.

Sasa pigia hesabu meza ya kina cha 60, ile ambayo fundi atakupendekezea bila hata kuuliza. Monita ikiwa kwenye stendi yake uso wa skrini unakaa kama sentimita 18 kutoka ukutani, zinabaki 42 mpaka ukingoni, na macho yako yakiwa nyuma ya ukingo kwa 10 au 15 hivi unajikuta uko umbali wa 55. Kinachoshauriwa kwa ujumla ni kati ya 50 na 100, kwa hiyo 55 haijavunja sheria yoyote na kwa 24 mbili inatosha kabisa, ila kwa 27 tatu utakuwa unazungusha shingo siku nzima, na 32 hapo ndo usiwaze. Meza ya 80 inakupeleka kwenye 75 bila kufanya kitu kingine chochote. Kati ya mtu mwenye meza ya 200 kwa 60 na mwenye 160 kwa 80 mi naona huyu wa pili ndo ana meza ya monita, yule mwingine ana kaunta.

Nyoofu au ya kona

Meza ya kona inauzwa kwa maneno matamu, kwamba inakuzunguka, kwamba skrini zote unazifikia, na kwenye picha kweli inapendeza. Lakini chukua mikono miwili ya meza yenye kina cha 60 inayokutana kwenye pembe ya digrii 90, ukipima kutoka kona ya ukuta mpaka kona ya ndani unapokaa wewe ni 85. Inaonekana nyingi eeh? Tatizo monita ni bapa, haiingii kwenye kona. Skrini ikikaa mshazari inasimama pale ncha zake mbili zinapogusa kuta, na umbali wake kutoka kona ni nusu ya upana wake. Ya 27 inasimama 30 na ushee kutoka kona, kwa hiyo kwenye zile 85 umebaki na 55 hivi tu. Hapo bado hujaweka kibodi, na nyuma ya skrini kuna pembetatu nzima ya ubao uliolipia ambayo kazi yake ni kukusanya vumbi na ekstensheni. Ukiweka ya inchi 49 ndo kichekesho kabisa, inasimama 60 kutoka kona, unabaki na 25. Hata ile iliyopinda haikuokoi sana, katikati inaingia ndani kidogo, lakini ncha bado zinagusa ukuta palepale.

Dawa ipo, unamwambia fundi asiache kona ya ndani ikiwa kali, aweke pembetatu ya ubao pale mbele ili ukingo wako uwe mshazari. Pembetatu yenye pande za 30 inakuongezea kama sentimita 21, sasa una 76, hiyo meza inaeleweka. Ila ubao umeongezeka, maungio yameongezeka, na ile pembetatu bila mguu au ubavu wa kuishikilia chini itaanza kunesa manake ndo sehemu unayolaza viwiko.

Wapi kona inashinda? Ukiwa na kazi mbili za aina tofauti. Mtu anayechora kwa mkono, anayerekebisha vifaa, mwenye makaratasi mengi au laptopu ya pili ya ofisi, huyo mkono mmoja anauweka monita zote na mkono wa pili unabaki mtupu kwa kazi nyingine, anageuza kiti tu. Yaani usikae kwenye kona hata kidogo, kaa kwenye mkono mmoja wenye kina cha 80 na ule mwingine ufanye wa 50 au 60. Kwa matumizi hayo naikubali bila ubishi. Kwa mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye skrini, nyoofu ya 160 hadi 180 kwa 80 inampa zaidi, inachukua chumba kidogo, na siku akihama inahamishika.

Kuna na ile nyoofu iliyokatwa tumbo mbele, ukingo umeingia ndani kama mwezi ili ukae katikati. Kwa viwiko ni raha kweli, mikono yote inalala mezani. Lakini angalia kilichofanyika, wamekata sentimita 12 au 15 za kina palepale unapozihitaji, kwa hiyo meza ya 80 imegeuka ya 65 mbele ya uso wako. Ukiitaka basi ianzie 90, la sivyo iache.

Na usisahau kitu kimoja kuhusu mpangilio wa mbili. Kama unatumia moja kama kuu na nyingine kwa chati na barua pepe, ile kuu iwe mbele ya pua yako na ya pili pembeni, maana yake katikati ya kiti chako sio katikati ya meza. Upande mmoja utahitaji kama 30 kwenda nje, upande wa pili 85 hivi. Mwambie fundi mapema, manake droo na miguu inatakiwa ifuate unapokaa, na meza nyingi za mbili unakuta mguu wa kati au kabati liko palepale magoti yanapotaka kwenda.

Stendi, mkono au ukutani

Stendi iliyokuja na monita ni ya bure na haichoki, ila inakaa juu ya meza na zikiwa tatu zinakula eneo kubwa, alafu nyingi za bei rahisi hazipandi wala kushuka, unaishia kuziwekea vitabu chini. Kama unachongesha hata hivyo unaweza kumwambia fundi aweke kijukwaa nyuma, kirafu cha urefu wa sentimita 10 au 12 na kina cha 25, monita zinapanda juu na chini yake kibodi inaingia ukiwa huitumii. Ni suluhisho la kizamani lakini halina skrubu ya kulegea. Upande wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini kidogo, ukivaa miwani ya kusomea yenye sehemu mbili shusha zaidi.

Mkono wa monita, ule wa chuma wa kubana kwenye ukingo wa meza, ndo unaopendwa, na kwa tatu mi naupendelea pia, ila sio kwa sababu wanayoisema watu kwamba unaokoa kina. Kiwiko cha mkono kinahitaji pa kujikunja nyuma ya skrini, na meza ikigusa ukuta skrini inaishia 10 au 15 kutoka ukutani, kwa hiyo umeokoa sentimita tano hivi. Faida yake ni nyingine, meza inabaki tupu chini, na pembe unazirekebisha kwa mkono mmoja mpaka mipaka ya skrini inagusana vizuri. Kabla ya kununua geuza monita uangalie matundu manne mgongoni, mpangilio wa VESA wa milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100 ndo wa kawaida, na kuna monita hazina kabisa. Angalia na uzito ambao mkono unabeba, usiangalie inchi peke yake.

Sasa hapa ndo kuchongesha kunapolipa. Klempu, yaani kibanio cha huo mkono, inahitaji kushika ukingo wa nyuma, juu na chini, na karibu meza zote za kawaida zina mbao au chuma kinachopita chini ya ukingo huo huo. Ukifika na mkono wako unakuta hauingii. Kwa hiyo kwenye mchoro andika kwamba boriti ya nyuma ikae ndani sentimita 10 kutoka ukingoni, ili zile 10 ziwe tupu kwa klempu popote utakapotaka. Pia unene wa ubao uwe ndani ya kile klempu inachoweza kumeza, andiko liko kwenye maelezo ya mkono wenyewe. Mkono mmoja wenye monita ya kilo 6 ukinyooshwa mbele unavuta ukingo ule kwa nguvu kubwa kuliko kilo 6, ni wenzo, kwa hiyo bati la chuma la milimita 3 juu na chini ya ubao ni lazima kwa MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa na gundi) na chipubodi (ule wa chembe za mbao) na ni busara kwa plaiwudi.

Ukutani kunaokoa kina kuliko vyote, monita bapa inaweza kukaa sentimita 6 tu kutoka ukutani, na meza ikitikiswa skrini hazitikisiki. Hasara, ukuta uwe wako na uwe imara, na siku unataka kuhamisha meza nusu mita kulia unabaki na matundu. Anayepanga nyumba ya mtu aachane nayo.

Ubao

Mbao ngumu nzima zinapendeza na unaweza kuzipiga randa na msasa tena miaka kumi baadaye, ila zinatanuka na kusinyaa na hali ya hewa, na fundi akizifunga kwa skrubu zisizo na nafasi ya kucheza zinapasuka. Kama fundi wako anajua hilo bila kuambiwa, mpe kazi. Kama hajui nenda plaiwudi.

Kati ya plaiwudi na MDF kwa meza ya monita ushindani ni mdogo. MDF inapakwa rangi vizuri kuliko chochote, uso wake hauna nyuzi, na ukitaka meza nyeupe isiyo na doa hiyo ndo yake. Lakini kwa unene uleule inapinda zaidi ya plaiwudi, ikikaa na mzigo miaka inazidi kupinda taratibu, skrubu kwenye ubavu wake zinang'oka, na chai ikimwagika kwenye ukingo usiozibwa inavimba na hairudi. Ni nzito pia, shiti nzima ya milimita 18 inakaribia kilo 40. Chipubodi ni hadithi ileile ila dhaifu zaidi, itafaa tu kama ukingo umezibwa vizuri na monita ni mbili tu za stendi.

Kuhusu kupinda kuna hesabu mbili za kukumbuka na zote ni za mchemraba. Ukiongeza umbali kati ya miguu kutoka 120 hadi 180, mzigo uleule katikati unaukunja ubao zaidi ya mara tatu. Na ukiongeza unene kutoka milimita 18 hadi 36 ubao unakuwa mgumu mara nane, mradi zile shiti mbili zimegundishwa kweli uso mzima na sio kupigwa misumari kona nne. Hata kutoka 18 kwenda 25 tu unapata zaidi ya mara mbili na nusu. Ndo maana meza ya mita na themanini yenye ubao mmoja wa 18 bila boriti chini utaiona imefanya tumbo hata kabla hujalipia monita ya tatu.

Sasa tukirudi kwenye kile kina cha 60 cha fundi, nadhani chanzo chake ni shiti yenyewe. Shiti ya kawaida ni 244 kwa 122, ukiikata katikati unapata vipande viwili vya 61, ukitoa kinacholiwa na msumeno ni 60 na kidogo, hakuna kinachobaki. Ukidai 80 anaona ubao unapotea. Mwonyeshe haupotei, ukikata 180 kwa 80 unabaki na ukanda wa 244 kwa 42, huo unatoa vipande vinne vya upana wa 10, viwili unavigundisha chini ya ukingo wa mbele na wa nyuma ili ukingo uwe wa 36 na ugumu uongezeke, vingine ni mbavu za kati. Meza inaonekana nene, ni nyepesi kuliko ya 36 nzima, na shiti ni moja ileile. Hapo kwenye ukingo wa nyuma kumbuka tu klempu sasa inashika 36.

Miguu

Miguu ya kudumu ya chuma, skwea paipu ya milimita 40 imechomelewa fremu nzima na boriti ya nyuma, haina mpinzani kwa utulivu. Ukiandika kwa nguvu kwenye kibodi monita zilizo kwenye mikono hazichezi. Cha kuangalia ni urefu wake tu. Meza nyingi zinatengenezwa 73 hadi 75 na kwa watu wengi wasio warefu hiyo iko juu, mabega yanapanda siku nzima. Kaa kwenye kiti utakachotumia, nyayo chini, kiwiko kimekunjwa digrii 90, pima kutoka sakafuni mpaka kiwikoni, hicho ndo kimo cha meza yako. Ikitoka 68 chongesha 68, nani kakukataza. Ila ukiweka droo katikati ujue zile sentimita 12 za droo na unene wa ubao zinatoka kwenye nafasi ya mapaja, kwa meza fupi droo ziende pembeni.

Miguu ya umeme ya kupanda na kushuka inatatua kimo kwa watu wawili wanaotumia meza moja, na anayeumwa mgongo akiomba hiyo sibishani naye. Kwa monita nyingi angalia mambo mawili. La kwanza uzito, ubao wa 180 kwa 80 wenye unene wa milimita 36 nzima unaweza kufika kilo 35, tatu za 27 na mikono yake zinaweza kufika 30, bado kompyuta na viwiko vyako. Fremu za mota moja nyingi zinaishia kilo 70 au 80, kwa hiyo usijidanganye, chukua ya mota mbili, hizo kwa kawaida zinabeba 100 kwenda juu. La pili ni mtikisiko, ikiwa chini imetulia, ikipanda mpaka mita moja na kumi monita zilizo kwenye mikono mirefu zinatetemeka kila ukigusa meza. Wengine wanazoea. Mi ningesema kama huwa unasimama kweli kazini chukua, kama unataka tu kwa sababu inapanda, hela hiyo iweke kwenye kiti. Na ubao wa plaiwudi wa 25 unaifaa zaidi miguu hii ya umeme kuliko wa 36, kilo zinapungua na fremu yenyewe ina boriti.

Waya, halafu mlango

Kila monita ina waya mbili, umeme na picha, tatu ni sita, weka na kompyuta, spika, intaneti, unakaribia kumi. Tundu la milimita 60 linapitisha plagi nyingi, la 80 ni salama zaidi, ila mi ningeacha matundu kabisa nikakata mfereji wa sentimita 5 kwa 40 kwenye ukingo wa nyuma katikati, waya zinashuka popote na klempu zinakaa kushoto na kulia kwake. Chini yake trei ya chuma ya kubeba ekstensheni, ifungwe kwenye boriti sio kwenye ubao. Kompyuta ikae upande ambao waya za picha za mita mbili zinafika skrini ya mbali, manake waya ndefu kwenye skrini za ubora wa juu ndo zinaanza kukata picha. Kwa meza ya kupanda pima urefu wa waya meza ikiwa juu kabisa.

Fundi mwambie ubao na fremu vifungwe kwa bolti, visiunganishwe kwa namna ambayo havifunguki tena. Fremu ya 180 kwa 80 iliyochomelewa nzima na miguu yake haikunji kona ya korido nyembamba, ya kona ndo kabisa, lazima ije vipande viwili na mguu wake wa tatu kwenye maungio. Pima mlango, pima na ile kona kabla ya mlango, na uandike vipimo hivyo kwenye karatasi ileile ya mchoro wa meza.